Mambo ya Nyumbani: Sanduku la Mkate



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalicheka kwa udogo wake, nalo ni chombo cha kuwekea mkate jikoni. Mama mmoja, mke wa mwalimu, alitungojea baada ya ibada akatuambia, "Mkate wangu haukai siku mbili. Ukisalimika na sisimizi, huota kuvu. Fundi asema atanitengenezea sanduku la mbao lenye kufuli. Dukani Kibiti nimeona bati la kung'aa lenye maua. Na jirani yangu anishauri ninunue ndoo ya plastiki tu. Nichague kipi?" Tulimjibu maneno machache pale mlangoni. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tuliona ya kuwa swali lake lastahili jibu refu zaidi, kwa kuwa sisi wenyewe tulipata kukosa katika jambo hili, na kosa letu halikuwa la mkate tu. Tutalisema mahali pake.

Wahenga husema, Akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa fedha, na kwa mpunga uliokaushwa vema. Lakini mkate huoza. Mwakumbuka habari za mana jangwani, katika Kutoka 16, jinsi watu wengine walivyoilaza mpaka asubuhi ikaingia mabuu na kunuka. Mkate wetu nao ni chakula cha leo, na cha kesho kidogo. Basi asidhani mtu ya kuwa kuna sanduku duniani liwezalo kuutunza mkate mwezi mzima. Kazi ya sanduku jema ni moja: kuulinda mkate siku mbili au tatu, mpaka uliwe wote.

Tena kuulinda ni wajibu wetu, maana mkate hauji kwetu bure. Mpunga na muhogo twavilima wenyewe, na minazi na mikorosho i karibu na milango yetu. Lakini ngano haioti katika udongo wa Rufiji. Hulimwa katika nchi za baridi, kama Hanang' na Nyanda za Juu za Kusini, na sehemu kubwa zaidi ya ngano iliwayo Tanzania hutoka ng'ambo kwa meli. Kila andazi lililo sahanini limekuja safari ndefu. Kulitupa kwa uzembe ni kutupa jasho la wengi.

Adui wa mkate

Kabla ya kuchagua chombo, na tuwajue adui zake. Hapa Mchukwi, na katika nchi yote ya Kibiti hata delta, twawahesabu wanne.

Wa kwanza ni unyevu. Kwetu hewa hubeba maji mwaka mzima, na hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hata Mei, chumvi yenyewe hulowa mezani. Kuvu hupenda hewa kama hiyo. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo huelea kila mahali. Zikianguka juu ya mkate wenye unyevu, huota kama magugu shambani baada ya mvua.

Wa pili ni ukavu, na hapa watu wengi hustaajabu. Yawezekanaje mkate uharibiwe na unyevu na ukavu pia? Yawezekana. Mkate ulioachwa wazi juu ya meza hupoteza maji yake kwa upepo, ukawa mgumu. Kwa hiyo chombo chema ni kile kinachoshika njia ya katikati: hakiufungi mkate kabisa hata utoke jasho, wala hakiuachi wazi hata ukauke.

Wa tatu ni wadudu, yaani sisimizi na mende, ambao huipata njia hata penye ufa wa unywele.

Wa nne ni panya. Huyu ndiye mbaya kuliko wote, kwa kuwa haibi tu, bali huacha uchafu wake nyuma. Katika Julai 2022, katika mkoa wa Lindi ulio jirani yetu upande wa kusini, ulizuka ugonjwa uliowaua watu. Waganga wakachunguza wakaona ni homa ya mgunda, ambayo mkojo wa panya na wa wanyama wengine waweza kuieneza katika maji na vyakula. Basi mkate uliotafunwa na panya usikatwe kipande kilichoharibika na kingine kikaliwa. Utupwe wote.

Vyombo, kimoja kimoja

Sasa na tuvitazame vyombo vipatikanavyo kwetu, tuone wema wa kila kimoja na upungufu wake.

1. Sinia na kawa. Hiki ndicho chombo cha bibi zetu, nasi hatukidharau hata kidogo. Kawa lililosukwa kwa ukindu hupitisha hewa, kwa hiyo maandazi na vitumbua havitoki jasho chini yake, na nzi hawafiki. Kwa chakula cha tangu asubuhi hata jioni, hakuna kilicho bora zaidi. Lakini kawa halimzuii sisimizi, wala panya hulihesabu kuwa kitu. Likitumika usiku, sinia na liwekwe juu ya bakuli lililofudikizwa ndani ya beseni lenye maji kidogo, sisimizi hawataogelea. Ila panya atavuka.

2. Mfuko wa kitambaa. Mshone mfuko wa marekani au wa pamba nyeupe, wenye uzi wa kukazia mdomo. Mkate mkavu hukaa vizuri ndani yake siku moja au mbili, na mfuko wenyewe hufuliwa. Peke yake hautoshi, lakini ndani ya sanduku au ndoo ni rafiki mwema, kwa kuwa hunywa jasho la mkate.

3. Chungu cha udongo na mkungu wake. Wengi hawakiwazi hiki kwa mkate, nao wakosa. Hata Ulaya, kabla ya mabati na plastiki, watu wengi waliweka mikate katika vyombo vya udongo, na wengine wanafanya hivyo mpaka leo. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi hunywa unyevu mkate unapoutoa, na huurudisha polepole mkate unapokauka. Mfinyanzi wenu atawafanyia chungu cha mdomo mpana kwa bei ndogo. Upungufu wake ni kwamba wakati wa masika udongo wenyewe hulowa, na usipoanikwa juani kila juma, utaota kuvu ndani. Tena kiwe chungu kipya kisichopikiwa kitu, maana chombo kilichozoea samaki hakiachi kunuka vumba.

4. Bati la kung'aa. Ni safi, ni zuri mezani, panya hawezi kulitoboa, na kifuniko chake kikibana sawasawa sisimizi hawaingii. Lakini katika nchi yetu ya joto, bati lililofungwa kabisa ni kama chungu cha kuchemshia. Weka mkate wenye vuguvugu ndani yake jioni, na asubuhi utaona matone ya maji chini ya kifuniko; siku ya tatu utaona kuvu. Tena hewa ya chumvi ya pwani hulila bati kwa kutu mahali rangi ilipobanduka. Ukilipenda, lichague lenye matundu madogo ubavuni, au mpe fundi bati ayatoboe, kisha matundu yazibwe kwa wavu mwembamba.

5. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Ni nyepesi, haina kutu, na bei yake ni ndogo. Kasoro yake ni ile ile ya bati, kwamba hutoa jasho. Dawa yake nayo ni ile ile, matundu na wavu, na mfuko wa kitambaa ndani. Kwa nyumba nyingi zisizo na fedha za fundi, hiki ndicho chombo tunachowashauri.

Lakini hapa hatuna budi kupaza sauti. Ndoo hiyo na iwe mpya, au iwe ile iliyokuwa na chakula, kama mafuta ya kupikia. Nchi yetu ni nchi ya mikorosho, na kila mwaka wakulima hununua salfa na dawa za maji za kupigana na ubwiriunga na wadudu. Vyombo vya dawa hizo vikiisha huonekana vizuri, imara, vyenye vifuniko vya kubana. Na mtu mwenye uhitaji huona ni hasara kuvitupa. Ndugu zetu, chombo kilichotiwa dawa ya mikorosho hakisafiki kwa sabuni wala kwa jua. Hakifai kwa mkate, wala kwa maji, wala kwa unga. Kadhalika ndoo za rangi na madebe ya mafuta ya taa. Kitobolewe, kisiokotwe na mwingine, kisha kitupwe mbali na kisima.

6. Sanduku la mbao. Likitengenezwa vema, sisi twalipenda kuliko vyombo vyote, kwa kuwa mbao hupumua kidogo bila kuacha mlango wazi. Likitengenezwa vibaya, ni nyumba ya mende na ghala la panya. Kwa hiyo tutaeleza kwa urefu jinsi ya kuliagiza.

Kuliagiza kwa fundi

Kwanza, mti. Chagueni mti mgumu usio na harufu. Mkongo wafaa, na mninga wafaa. Yote miwili mchwa haili upesi. Msikubali mbao zinazonuka utomvu, wala za sanduku la nguo lililokaa na vidonge vya mende, maana mkate hunywa harufu upesi.

Pili, kipimo. Pimeni mkate mnaokula, si mkate mnaoutamani. Kwa nyumba ya watu sita, sanduku lenye urefu wa shibiri mbili, upana wa shibiri moja na nusu, na kimo cha shibiri moja latosha. Sanduku kubwa mno hushawishi watu kuweka vingi mno, na vilivyo chini husahauliwa.

Tatu, maungo. Mwambieni fundi aunganishe mbao kwa meno, asipigilie misumari tu, ili zisiachane wakati wa kiangazi. Mlango uwe mbele, uketi sawasawa katika fremu yake. Ndani pawe na chano cha fito, ili mkate usilale juu ya ubao wa chini; hewa ipite na makombo yaanguke. Nyuma yatobolewe matundu sita, kila moja kadiri ya ncha ya kidole cha mwisho, kisha yafunikwe kwa wavu wa chuma uliopigiliwa kwa ndani. Ndani pasipakwe rangi wala vanishi.

Nne, miguu. Sanduku liwe na miguu minne, na kila mguu usimame ndani ya kikopo. Wazee wetu walitia maji vikoponi kuwazuia sisimizi, na njia hii ni njema. Lakini tumejifunza jambo jingine tangu hapo. Mbu aletaye homa ya dengue hutaga katika maji machache yaliyotulia, hata ya kikopo, na homa hiyo ilienea sana Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Basi maji ya vikopo yamwagwe na vikopo visuguliwe kila siku ya tatu. Au mtie majivu makavu badala ya maji.

Tano, mahali pake. Lisikae karibu na jiko, wala karibu na mtungi wa maji, wala mahali jua la alasiri linapopiga. Tena lisiegemee ukuta. Liacheni mbali na ukuta kadiri ya shibiri moja, ili mweze kuona nyuma yake. Neno hili la mwisho tumelilipia ada kubwa, kama mtakavyosikia.

Kosa letu

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa mazito. Katika Aprili mto Rufiji ulifurika, mashamba ya bondeni yakafunikwa, na watu wengi wakaacha nyumba zao. Kisha mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Siku zile tulimpokea nyumbani kijana wa miaka tisa, mtoto wa ndugu yetu wa ng'ambo ya mto, ambaye baba yake alikuwa amepoteza mpunga wote. Alikuwa mtoto wa maneno machache.

Jikoni tulikuwa na sanduku la mkate ambalo tulilifanya wenyewe kwa mbao za kreti. Kwa mbele lilipendeza. Kwa nyuma, kati ya mbao mbili, palikuwa na ufa wa upana wa vidole viwili, nasi tulilisogeza ukutani ili ufa usionekane. Haukupita muda, maandazi yakaanza kupungua. Jioni yalihesabiwa 12. Asubuhi yalikuwa 9. Tuliwauliza watoto wetu, wakasema, "Si sisi." Nasi tuliwaamini, kwa kuwa ni wetu. Kisha, bila kusema neno, macho yetu sote yakamwendea yule mgeni. Yeye akatazama chini, nasi tukahesabu kimya chake kuwa ni ungamo.

Hatukumpiga. Tulidhani ya kuwa kwa kutompiga tumetenda wema. Tulinunua kufuli, tukalitia sandukuni mbele ya macho yake, na mmoja wetu akasema kwa sauti, "Sasa tutaona." Tangu siku ile, kila tulipompa mkate asubuhi alikuwa akisema, "Nimeshiba, Baba mkubwa." Naye alikuwa hajala kitu.

Siku ya nne tulifungua kufuli tukakuta maandazi mawili hayapo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu usiku kucha. Ndipo tukaliondoa sanduku ukutani. Nyuma yake palikuwa na kiota cha panya, kimejaa vipande vya maandazi, na majani, na uzi wa kufuli letu jipya. Wahenga husema, Kikulacho ki nguoni mwako. Nasi tulikuwa tumekitafuta kilicho nguoni kwa mgeni.

Tulimwita yule kijana, tukawaita na watoto wetu, maana wao walisikia tukimtuhumu, nao ilipasa wasikie tukimwomba radhi. Tulimwomba. Tukamwuliza, "Kwa nini hukusema kwamba si wewe?" Akajibu, "Nilikuwa namsikia panya usiku. Sikusema, kwa sababu mimi ni mgeni."

Usiku ule tulisoma Yoshua 9. Mwaijua habari ile ya watu wa Gibeoni, waliokuja na mikate mikavu yenye kuvu ili kuwadanganya Waisraeli kwamba wametoka mbali. Watu wa Israeli waliutazama mkate, wakahukumu kwa kuutazama, wala hawakumwuliza Bwana. Mara nyingi tulikuwa tumewafundisha wengine sura hiyo. Siku hiyo ilitufundisha sisi. Sisi nasi tulikuwa tumeutazama mkate tukamhukumu mtu, wala hatukuuliza. Tena hatukusogeza hata sanduku.

Juu ya kufuli

Basi mama aliyetuuliza, na wengine mlio na fundi anayewaambia habari za kufuli, jibu letu ni hili: msitie kufuli katika sanduku la mkate. Tieni komeo la mti, la kuuzuia mlango usifunguliwe na panya au paka. Mtu asizuiwe. Mkate ukipungua, tazameni kwanza sanduku, kisha tazameni sahani: je, kila mtu ndani ya nyumba hushiba? Mtoto aibaye mkate usiku, mara nyingi ni mtoto aliyelala na njaa. Mfano wake haufundishwi na kufuli. Hufundishwa na chakula cha jioni, na maneno ya upole baada yake.

Hatusemi pasiwe na hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa nyumba na ajue ni maandazi mangapi yamo, na ni ya nani asubuhi: ya watoto waendao shule, ya mgonjwa, ya mgeni. Lakini hesabu ni kwa ajili ya kugawanya kwa haki, isiwe kwa ajili ya kutafuta mwizi.

Kulitunza sanduku

Chombo kikiisha kuchaguliwa, kazi haijaisha. Shikeni kanuni hizi chache.

Mkate usiingie sandukuni ungali moto. Uacheni upoe kabisa juu ya chekeche au ungo, chini ya kitambaa, hata mkono usisikie joto. Kanuni hii moja huokoa mikate mingi kuliko sanduku lolote.

Mkate mpya usiwekwe juu ya mkate wa zamani. Wa zamani uliwe kwanza.

Mara moja kwa juma, toeni vyote, pangusieni makombo nje, futeni ndani kwa kitambaa chenye siki, kisha lianikeni sanduku wazi juani tangu asubuhi hata saa sita.

Mkionja harufu kama ya nanasi lililoiva kupita kiasi, na mkivunja mkate mkaona ndani unanata na kuvuta nyuzi kama mlenda, jueni ya kuwa vijidudu vya unga vimeamka kwa sababu ya joto. Mbegu zao hustahimili hata moto wa tanuri. Mkate huo ufukieni. Sanduku lioshwe kwa maji moto, lifutwe kwa siki, likauke kabisa juani.

Mkate ulioota kuvu usiliwe, hata mkikata sehemu ya kijani, kwa maana mizizi ya kuvu hupenya ndani jicho lisipoona. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka zao. Si kila kuvu ina sumu ile, lakini nani jikoni awezaye kuzitenga? Tena twasema neno hili kwa uchungu: msimpe mtumishi mkate ambao hamwezi kumpa mtoto wenu. Wala msiwape kuku.

Walio na jokofu wasidhani kwamba humo mkate hukaa laini. Baridi ya jokofu huzuia kuvu, lakini huufanya mkate kuwa mgumu upesi kuliko ukiwa sandukuni. Ukipashwa moto hulainika tena. Sehemu ya kugandisha yafaa zaidi, kwa mkate uliokatwa vipande.

Na mkate wa jana ulio mgumu tu, usio na kuvu, ni chakula chema. Uchovyeni katika mayai yaliyopigwa na kuukaanga, au mwuloweke katika tui la nazi lenye sukari na iliki, au mwukate vipande vyembamba na kuvikausha juu ya makaa hafifu; vikikauka sana hukaa siku nyingi katika bati, na hapo ndipo bati la kung'aa lenye maua lilipo na kazi yake.

Neno kwa waalimu

Waalimu wetu waweza kuyafundisha haya shuleni bila gharama kubwa. Chukueni vipande vinne vya mkate mmoja. Kimoja kiwekeni katika bati lililofungwa, kimoja katika chungu chenye mkungu, kimoja katika mfuko wa kitambaa, na kimoja juani. Watoto wavitazame kila asubuhi siku tano, bila kuvigusa wala kuvionja, na waandike katika daftari waonacho: kilicholowa, kilichokauka, kilichoota kuvu, na siku yake. Kisha vyote vifukiwe. Mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake atamfundisha mama yake nyumbani vizuri kuliko sisi.

Mwisho, wapenzi wetu, mwakumbuka ya kuwa Bwana alipowalisha watu wengi, aliamuru vipande vilivyosalia vikusanywe kisipotee kitu. Lakini vilikusanywa baada ya watu wote kushiba, wala si kabla. Huo ndio utaratibu wa sanduku la mkate katika nyumba ya Kikristo. Kwanza wote washibe, na aliye mgeni pamoja nao, na jirani yetu Mwislamu apelekewe sahani wakati wa futari kama yeye atuleteavyo sisi siku zake. Kisha kinachobaki kilindwe vema katika chombo safi. Na sanduku likiwa tupu jioni, msihuzunike. Limemaliza kazi yake.

Yule kijana alikwisha kurudi kwao bondeni, baba yake alipopata kulima tena. Sanduku letu jipya ni la mkongo, lina miguu minne na komeo la mti, na limesimama shibiri moja mbali na ukuta. Kufuli tumelipeleka kwenye banda la kuku.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema juu ya kuhifadhi unga na mchele wakati wa masika. Mwenye swali na atuletee. Amani na iwe nyumbani mwenu.